Dawa kali ya kuvu ilivyofungiwa ndani ya vifuko vya mafuta

Mwaka 1982, jarida moja la kitabibu la Ufaransa lilitoa habari za wagonjwa 15 wa Kinshasa walioshikwa na kuvu iitwayo kriptokoka. Ikifika kwenye ubongo, kichwa kinauma majuma mengi, shingo inakaza, macho yanafifia. Virusi vya Sida vilikuwa bado havijajulikana. Kuvu hiyo hukaa udongoni na katika mavi ya njiwa, na humwangusha zaidi mtu ambaye kinga ya mwili wake imeisha.

Dawa ilikuwepo tayari. Katikati ya miaka ya 1950, watafiti wa Marekani walipata amfoterisini B kutoka kwa bakteria wa udongo wa eneo la mto Orinoco, Venezuela. Inatoboa ngozi ya chembe ya kuvu mpaka ife. Shida ni kwamba inagusa pia chembe za mtu, na mafigo ndiyo yanaumia. Mgonjwa anatetemeka kwa baridi na homa wakati serum inaingia. Waganga wanaosema Kiingereza waliligeuza jina lake kuwa "amfo ya kutisha", na haikuwa mzaha mtupu.

Njia ilifunguliwa na mtu ambaye hakuwa anatafuta dawa ya kuvu. Miaka ya 1960, Alec Bangham, huko Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, aliangalia mafuta ya yai ndani ya maji kwa darubini ya elektroni. Mafuta yalijikunja yenyewe yakawa vifuko vidogo, ndizo liposomu. Baadaye wengine wakafungia amfoterisini ndani ya vifuko visivyofika nanomita 100. Hata ukipanga 10,000 kwenye mstari, havipiti milimita moja. Dawa inatulia humo mpaka ikutane na kuvu, na mafigo yanapata nafuu. Marekani iliikubali mwaka 1997.

Lakini bei iliiweka mbali na Afrika, hapo ambapo wagonjwa ni wengi zaidi.

Jaribio lililotangazwa mwaka 2022 lilifanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Wagonjwa 407 walipewa dozi moja tu, kubwa, ya dawa hiyo ya vifuko, pamoja na vidonge. Wengine 407 walitundikiwa dawa ya zamani siku 7. Baada ya majuma 10, upande wa kwanza walikufa 101, upande wa pili 117. Mwaka huohuo OMS ikashauri dozi moja. Kwa familia iliyokimbia vita, siku 7 kitandani mbali na watoto si jambo dogo.

Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji chupa 12. Mwaka 2018 kampuni Gilead ilitangaza dola 16.25 kwa chupa kwa nchi maskini, yaani dola 195 kwa mtu mmoja. Pasipo chupa hizo, waganga wanarudia amfoterisini ya zamani, ama flukonazoli peke yake, ambayo nguvu yake ni ndogo.