Wale wa Angani ni Sisi

Vijana wenzangu wa kalamu, kuna ubishi mmoja hapa Igawa ambao hauishi. Basi la Mbeya linasimama, la Makambako linasimama, abiria wanashuka kujinyoosha na kupanda tena, ubishi upo palepale: ipi kali, Naruto au Dragon Ball? Mmoja anaapa kwa One Piece. Mwingine anasema ninyi nyote washamba, hamjaona Cowboy Bebop. Ni ubishi mtamu, nami simo nyuma. Lakini leo sitaki kugawa alama kama mwalimu wa zamu. Nataka kuwapendekezea picha, sizoni na vitabu kwa kufuata historia, maana ipo dhana moja inayonikera kweli kweli.

Dhana yenyewe ni hii: eti mambo ya anga ni ya Mjapani na Mmarekani, sisi kazi yetu kukodoa macho. Inaonekana hadi kwenye maandishi yetu. Hadithi za wenzangu ninazopewa nizisome, rubani anaitwa Jack au Kenji, roketi inarukia Texas, na Mswahili akibahatika kutokea basi ni mlinzi wa geti. Kulikoni? Kwa nini rubani asiitwe Sanga? Kwa nini kiumbe wa sayari ya mbali asitue kwenye majaruba ya mpunga ya Mbarali, akakutana na watu wamevua viatu wanapandikiza?

Tena sisi wa nyanda hizi ndio wa mwisho wa kusema anga halituhusu. Ukipita Mbeya mjini ukafuata barabara hii hii kuelekea Tunduma, utafika Mbozi, ambako tangu 2016 ni mkoa wa Songwe. Pale kuna kimondo. Bonge la chuma lenye urefu wa kama mita 3, uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16, limetoka angani na kujibwaga juani bila kuomba kibali. Wataalamu walianza kukiandika mwaka 1930, lakini kilianguka zamani sana, kiasi kwamba wenyeji hawakubakiwa na masimulizi ya siku kilipoanguka. Hebu fikiri, mwandishi: moto umeshuka kutoka mbinguni, na hakuna aliyesalia wa kuusimulia. Hiyo hadithi imekaa pale inasubiri mtu.

Ukivuka Tunduma uko Zambia. Mwaka 1964, nchi hiyo ikipata uhuru, mwalimu mmoja aitwaye Edward Makuka Nkoloso alitangaza kwamba atapeleka Wazambia mwezini na Mirihi kabla ya Marekani na Urusi. Akaanzisha chuo chake cha anga, wanafunzi wakawa wanabingirishwa mlimani ndani ya pipa la mafuta ili wazoee mambo ya roketi. Akaomba UNESCO pauni milioni 7. Wazungu wa magazeti walicheka hadi wakakaukiwa. Kama alikuwa na wazimu, au alikuwa anawacheka wao, watu wanabishana mpaka leo. Mimi naona alikuwa msanii. Namwali Serpell, Mzambia, amemweka kwenye riwaya yake The Old Drift ya 2019, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Arthur C. Clarke, ambayo ni tuzo kubwa ya riwaya za kisayansi kule Uingereza. Iko kwa Kiingereza, ni nene kama tofali, lakini ivumilieni.

Na huku pwani? Zanzibar palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vyao vya angani. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia, sauti yake ilipokelewa Unguja pia, na daktari wa kituo akawa anafuatilia msukumo wake wa damu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Karume ilitaka kituo kiondolewe, na Aprili mwaka huo kikafungwa. Kisha tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikarushwa setilaiti ya kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikabatizwa jina Uhuru. Setilaiti hiyo ndiyo iliyosaidia wanasayansi kuitilia shaka nyota iitwayo Cygnus X-1, ambayo baadaye ilikubalika kuwa shimo jeusi. Kwa hiyo mkikaa kuzungumzia shimo jeusi kwenye picha ya Interstellar, jueni neno la Kiswahili lilishatangulia huko.

Sasa tuje kwenye picha zenyewe. Pendekezo langu la kwanza ni Star Trek ile ya zamani, ya 1966 hadi 1969. Najua, mtasema mavazi yake kama pajama na mawe yake ya plastiki. Ni kweli. Itazameni hivyo hivyo. Kwenye chombo kile yupo afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, na jina hilo limefinyangwa kutoka neno letu uhuru. Aliyemwigiza, Nichelle Nichols, alikuwa Mmarekani mweusi. Sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa, tarehe 8 Septemba 1966, ina zimwi linalonyonya chumvi ya watu, ambalo humgeukia kila mtu kwa sura anayoitamani. Likitaka kumnasa Uhura, linajigeuza mwanamume mweusi, linamsemesha kwa Kiswahili! Naye anamjibu. Usiku wa kwanza wa sizoni ile, Kiswahili kilikuwemo chomboni. Matamshi yenyewe Mzanzibari akiyasikia atashika kichwa, ila ladha ipo. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilijifunza lugha yako kwanza ndipo likuangalie shingo.

Mwaka uliofuata, Septemba 1967, kuna sehemu nyingine ambayo mtambo mmoja unamfuta Uhura kumbukumbu zote. Wanamfundisha kusoma Kiingereza upya kama mtoto wa chekechea, na anapokwama anaangukia Kiswahili. Mimi hapo huwa nasimamisha picha. Mtu aliyeandika hilo alikubali kwamba huyu dada wa karne ya ishirini na tatu, Kiingereza ni cha kazini, lugha ya ndani ni hii yetu. Nichols mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha kazi, Martin Luther King akamsihi abaki. Jina la kwanza la Uhura lilikuja kutajwa kwenye sinema mwaka 2009 tu: Nyota. Nichols alifariki Julai 2022.

Star Wars nayo ina letu. Kwenye picha ya 1983, Return of the Jedi, yule rubani msaidizi mwenye mashavu ya kuning'inia, Nien Nunb, sauti yake ni ya mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, na anachosema ni Kikuyu, si lugha ya kutunga. Watazamaji wa Kenya walimwelewa bila maandishi ya chini. Wewe ulidhani ni lugha ya anga. Ndiyo, ni lugha ya anga. Ila wenyewe wanakaa Nyeri.

Kwa upande wa katuni za Kijapani, anzeni na mzee wao, Osamu Tezuka. Kati ya 1950 na 1954 alichora hadithi ya simba mweupe wa Afrika, na mwaka 1965 ikawa sizoni ya rangi. Marekani ilioneshwa kwa jina la Kimba. The Lion King ya Disney ilipotoka 1994 na Simba wake, Wajapani wengi walilalamika kwamba inafanana mno, Disney wakakana. Zitazameni zote mbili mkate shauri wenyewe. Halafu tafuteni Zeta Gundam, ya 1985 na 1986. Hiyo ni ya vita vya maroboti makubwa, tena ina siasa nzito, siyo ya mtoto wa darasa la pili. Kuna mapigano makali kwenye ngome iliyojengwa Kilimanjaro. Mlima wetu, theluji, maroboti yanachapana! Kasoro yake ni kwamba mlima upo, Wachaga hawapo. Mjapani aliazima jukwaa akasahau wenye nyumba.

Hapo ndipo nawakumbuka watu wa mabanda ya video. Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Kwa miaka mingi mtu wa kawaida alionea picha bandani, kwenye benchi, mkanda wa video, jenereta nje linakoroma. Na picha ilikuwa ya Kiingereza au Kichina. Ndipo wakatokea watafsiri, mtindo uliokuwa umeshamiri Uganda kwa akina VJ, na kwetu jina lililovuma kuliko yote ni Derek Mukandala, yaani Lufufu. Kenya wana DJ Afro wao. Mtafsiri hafasiri tu; anaongeza, anatania, anamwonya stelingi, anamtukana adui kwa niaba yenu.

Siku hizi wenzangu wenye flashi na bando wanawacheka. Wanasema picha iliyotafsiriwa ni ya washamba, wa maana anasoma maandishi ya Kiingereza chini. Sikubaliani kabisa. Yule bwana alikuwa anatatua tatizo letu la uandishi kabla yetu: roketi utaiitaje, kompyuta inayofikiri itaongeaje, kiumbe wa kijani atasalimia vipi mkubwa wake. Alitatua papo hapo, bila kamusi, watu wamelipa kiingilio na wanaweza kumzomea. Msikilizeni kama mnavyosoma kitabu, mkiwa na daftari.

Kwa kazi za nyumbani, Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya 2009, ni ya dakika kama 20 tu. Vita vya maji vimeisha, ardhi imekufa, binti Asha anapata udongo unaoweza kuotesha mbegu. Sisi tunaokaa kando ya mto Mbarali na kusikia kila kiangazi habari za Ruaha Mkuu kukauka, hatuhitaji kuelezwa. Halafu ipo Kizazi Moto ya 2023, katuni 10 fupi za Waafrika, jina la Kiswahili, mtandao ni Disney. Zimo za Kenya na Uganda. Ya Mtanzania haimo. Sitasema zaidi.

Nimekiacha kitabu cha mwisho makusudi. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya, aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, alitoa riwaya iitwayo Walenisi. Dzombo amehukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kufungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Badala ya kufa anajifunza kukiendesha. Anatua kwenye sayari ambayo watu wake wamepanga maisha kwa haki, na jina la sayari ukilitenganisha taratibu linasomeka: wale-ni-sisi. Ni riwaya ya roketi, kwa Kiswahili sanifu, na wengi wanaobishana stendi hawajawahi kuisikia. Mkangi alifariki 2004. Ndani yake yamo maneno yote ya anga mliyokuwa mkilalamika kwamba lugha haina.

Hapa Igawa naijua nakala moja tu, haina jalada, ipo kwa mshikaji anayetengeneza redio. Ameniambia anaazima kwa siku nne, siyo tano, na tayari mbele yenu kuna watu wawili.