Kawawa na mwaka wa 1962

Siku 44 tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, Januari 22, 1962, Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu ili azunguke nchi kuijenga upya TANU. Kiti alimwachia Rashidi Mfaume Kawawa, mwana wa Songea ambaye hata miaka 40 alikuwa hajafika.

Sura yake haikuwa ngeni. Katika miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa ustawi wa jamii, alicheza filamu ya Muhogo Mchungu. Lakini jina alilipatia kwa wafanyakazi. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na TANU. Kawawa akaacha mshahara wa serikali, akabaki na wafanyakazi wenzake katika Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL, akiwa Katibu Mkuu wake. Migomo aliijua kwa ndani.

Ndiyo maana mwaka 1962 unasumbua. Bunge la wakati wake lilipitisha sheria iliyofanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno, pamoja na ile ya kumweka mtu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Wenzake wa jana hawakufurahi. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, aliunda chama cha upinzani. Baadaye naye aliwekwa kizuizini. Watetezi wa Kawawa husema nchi ilikuwa changa. Kweli, ila waliofungwa hawakuwa wakongwe.

Desemba 9 mwaka huohuo nchi ikawa Jamhuri, Mwalimu akarudi akiwa Rais, na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa. Kawawa akashuka kuwa Makamu wake. Hakununa wala hakukusanya kundi. Afrika ya miaka ile ilikuwa na wangapi walioonja madaraka hayo wakayaachia kimyakimya? Kumwita mpambe wa Mwalimu ni kumpunja.

Baada ya hapo alipewa kila kazi nzito: Makamu wa Pili baada ya Muungano, Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977, kipindi cha Operesheni Vijiji, kisha Ulinzi wakati wa vita vya Kagera, na Katibu Mkuu wa CCM. Watu wakamwita Simba wa Vita.

Alifariki Muhimbili Desemba 31, 2009, akazikwa Madale. Anayetaka kumuenzi amsimulie mzima: kiongozi wa migomo, na Waziri Mkuu aliyeibana.