Namba za mpangilio katika Kihispania

Namba za mpangilio katika Kihispania huonyesha nafasi ya kitu katika mfuatano: primero, segundo, tercero, cuarto, quinto, sexto, séptimo, octavo, noveno, décimo. Waongoza watalii wa Arusha wanaohudumia wageni wa lugha hiyo huzihitaji mapema, kwa kuwa safari ya Mlima Meru huelezwa siku kwa siku.

Katika Kiswahili, kinachobadilika ni a-unganifu: siku ya kwanza, mlima wa kwanza. Kihispania hubadilisha mwisho wa namba yenyewe kufuata jinsi ya nomino. Meru, mlima wa pili kwa urefu Tanzania, ni la segunda montaña más alta. Zinazokwaza zaidi ni primero na tercero, ambazo hudondosha -o mbele ya nomino ya kiume ya umoja. Día, yaani siku, ni ya kiume, ingawa huishia na -a: el primer día, lango la Momella hadi vibanda vya Miriakamba, el segundo día, hadi vibanda vya Saddle, el tercer día, kileleni. Noche, yaani usiku, ni ya kike, hivyo la primera noche. Mwanafunzi akizikariri kwa njia anayoijua kwa miguu, hazitamtoka.

Kupita kumi, wasemaji wengi hurudi kwenye namba za kawaida: Kaizari Carlos V husomwa quinto, lakini mfalme Alfonso XIII ni trece.