Njia ya Chumvi Inayosubiri Lami

Watu wengi wanaoujua Mkoa wa Simiyu wanaujua kwa barabara moja: ile inayoanzia Mwigumbi, ikapita Maswa na Bariadi, ikashuka Dutwa hadi Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Barabara hiyo sasa ni ya lami, na imeusaidia sana mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012. Lakini Simiyu ina njia nyingine, kongwe kuliko mipaka ya wilaya zake zote. Hutoka Maswa, hupita Lalago na Mwanhuzi, huvuka mto Sibiti na kuelekea Ziwa Eyasi.

Hiyo ilikuwa njia ya chumvi. Eyasi limo ndani ya Bonde la Ufa na halina mto unaotoa maji yake nje. Kiangazi kikikaza, maji hukauka na chumvi hubaki juu ya udongo. Wasukuma waliifuata huko kwa miguu, mavuno yakishaisha, kwa misafara. Walivuka mbuga kavu zenye simba, kupitia nchi ya Wataturu na ya Wahadzabe, kisha wakarudi na mizigo mabegani. Kijana aliyekwenda Eyasi na kurudi salama alihesabiwa kuwa mtu mzima. Chumvi ilikolezwa kwenye chakula na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine, na njia yenyewe ikawa shule: walijifunza visima viko wapi, nani wa kumwamkia, nani wa kumwogopa.

Misafara hiyo ilikuwa na nyimbo zake, kama walivyokuwa nazo wapagazi na wawindaji wa tembo. Mwaka 2010 mtafiti Mmarekani, Frank Gunderson, alichapisha kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma. Nashukuru kwamba kipo. Inaniuma kwamba kwenye njia yenyewe hutaona hata kibao kimoja kinachomwambia msafiri kuwa hapa walipita watu wa chumvi.

Linganisha na njia ya kati ya pembe na watumwa, ya Bagamoyo hadi Ujiji. Tangu 2006 imo katika orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, pamoja na vituo vyake kama Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara. Inastahili kabisa. Ila ile ilikuwa njia ya biashara ya mbali na ya maumivu, na hii ya Eyasi ilikuwa njia ya wenyeji, waliyoitembea kwa haja zao wenyewe. Historia ya namna hiyo ndiyo tunayoiacha ipotee kwanza.

Sasa lami inaifuata njia hii ya Eyasi. Mpango wa Serikali wa kujenga barabara kubwa kupitia kaskazini mwa Serengeti ulifikishwa mwaka 2010 kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikazuia barabara ya lami ndani ya hifadhi. Watetezi wa wanyama walikuwa wakiomba muda wote barabara izunguke kusini, kwenye watu na mashamba. Juni 2023 ukasainiwa mkataba wa ujenzi wa barabara ya upande huo wa kusini, ya Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago hadi Maswa, kilomita 389. Tazama ramani: kipande chake cha Simiyu kinapita kwenye nchi ileile waliyoikata watu wa chumvi.

Naiunga mkono barabara hii kwa moyo wote. Mkulima wa pamba wa Wilaya ya Meatu, kwenye njia hii, ameteseka vya kutosha kila masika. Hofu yangu ni tingatinga linalopita kabla ya mtu mwenye daftari. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vifaa vya kabla ya 1863; majengo ya baadaye yanasubiri tamko la Waziri. Kwa hiyo mabaki ya enzi ya mwisho ya watemi, mabohari ya vyama vya ushirika, vinu vya zamani vya pamba, vyote vinaweza kubomolewa bila mtu kuvunja sheria.

Wamarekani walichelewa pia. Barabara yao ya Route 66, ya Chicago hadi Santa Monica, ilifunguliwa 1926 na kufutwa rasmi 1985 baada ya barabara kuu mpya kuchukua magari yake. Miji midogo ikadorora. Mwaka 1999 bunge lao likapitisha sheria ya kusaidia kuhifadhi vituo vya mafuta, nyumba za wageni na migahawa ya kando yake, na leo watalii huisafiri kwa ajili ya vitu hivyo. Walichokuwa wameshabomoa hawakukirudisha.

Wasukuma wana makumbusho yao Bujora, karibu na Mwanza, iliyoasisiwa na Padre David Clement. Upande wa Simiyu hakuna inayolingana nayo. Halmashauri za Maswa na Meatu zinaweza kuanza na kidogo: kuwarekodi wazee waliosikia habari za Eyasi kwa baba zao, kuorodhesha visima na makambi ya misafara, na kumtaka mkandarasi aweke vibao vya majina hayo pamoja na vibao vya kilomita. Kazi hiyo ifanyike sasa, kabla tingatinga halijapita.