Safari ya Lushoto

Sisi tukaao Rangwe twalijua joto la pande za ziwa, na homa ya malaria si ngeni nyumbani mwetu. Twajua pia ya kuwa msafiri akipanda kuelekea Kisii hewa hubadilika, akaanza kulitafuta koti lake. Joto la bondeni na baridi ya mlimani ndiyo yaliyojenga miji mingi ya mapumziko ulimwenguni. Katika India, Waingereza walioyakimbia majoto ya tambarare walijenga mji wa Simla katika milima ya Himalaya, na tangu mwaka 1864 serikali yao ilihamia huko kila kiangazi. Hapa Afrika Mashariki Wajerumani nao walitafuta mahali pa namna hiyo, wakapaona katika milima ya Usambara, Tanzania. Mahali hapo ni Lushoto. Twende tukapatazame, msomaji mpenzi. Lakini twende na macho mawili: moja la kuuona uzuri wa nchi, la pili la kuuliza ni nani aliyeulipia.

Kutoka Nairobi waweza kupita Voi na Taveta hadi Moshi, kisha ukaifuata barabara kuu iendayo Tanga, milima ya Pare ikiwa mkono wako wa kushoto. Ufikapo Mombo, penye joto na mashamba ya katani, waiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Njia hiyo ni ya kilomita 33 hivi, nayo hujipinda kama nyoka kando ya genge. Wapita Soni, penye maporomoko ya maji, na mwisho wafika Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo mapeasi na kabichi hustawi, na usiku watu hujifunika mablanketi. Ukitembea hadi Irente wasimama ukingoni mwa jabali, na chini yako waiona nyika imetandaa hadi upeo wa macho. Upande mwingine uko msitu wa Magamba, wenye miti mirefu na ukungu wa asubuhi.

Hilo ndilo jicho la kwanza. Sasa tufumbue la pili.

Nchi hii haikuwa pori lisilo na wenyewe. Wasambaa husimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akawaua nguruwe waharibifu, akawagawia watu nyama, nao wakamfanya mfalme wao. Uzao wake, Wakilindi, walitawala kutoka Vuga. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipofika mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu ambaye enzi yake ilifika hadi pwani. Watu waliamini ya kuwa mfalme mwenye nguvu huiponya nchi, mvua ikanyesha na chakula kikawa tele. Lakini wakuu wakigombana nchi huugua. Kimweri alikufa mwaka 1862, wakuu wakagombana kweli, na vita hivyo viliwadhoofisha kabla Wajerumani hawajaja.

Wajerumani walipokuja waliipenda baridi ile kuliko yote. Wazungu wa siku zile walidhani malaria huletwa na hewa mbaya ya mabondeni. Ni mwaka 1897 tu, huko India, ndipo Ronald Ross alipothibitisha ya kuwa mbu ndiye mchukuzi. Waliuita mji huo Wilhelmstal, maana yake Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Mwaka 1895 serikali yao ilitangaza ya kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya taji. Lakini shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba, nalo si la mtu? Walowezi walipata mashamba, reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905, na yapata mwaka 1907 kila mwanamume mwenye nguvu katika wilaya ile alipewa kadi ya kazi. Kadi hiyo ilimlazimisha kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Asiyetimiza alipelekwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hapa mgeni alikuja akapona yeye, mwenyeji akabaki na kadi.

Hata ua dogo la zambarau la milima hiyo lina kisa. Mwaka 1892 ofisa mmoja Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ujerumani. Leo ua hilo hupamba madirisha ya nyumba nyingi ulimwenguni, nalo katika vitabu vya elimu ya mimea lina jina lake yeye.

Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na jina la Wilhelmstal likatoweka. Lakini amri hazikuisha. Katika miaka ya 1950 wakulima waliamriwa kulima matuta ili udongo usichukuliwe na mvua. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya, lakini kazi ilikuwa nzito, hasa kwa wanawake, na watu waliogopa kwamba baada ya matuta watanyang'anywa mashamba. Je, waliokwisha kuiona sheria ya 1895 wangeogopa bure? Walikataa, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Miaka minne baadaye Tanganyika ilipata uhuru.

Basi, msomaji, siku utakaposimama Irente, furahia upepo, maana hakuna dhambi katika kuupenda uzuri. Kisha geuka uyatazame mashamba yaliyo nyuma yako, umsalimu mwenye jembe, na umwulize habari za wazee wake. Na urudipo kwetu Rangwe, vitazame vilima vyetu kwa macho yale yale mawili. Kwa maana mtu auonaye mlima asijue habari za watu wake, ameona mawe na miti tu.