Jashere ya wazee: nani alilima Yangambi mbele ya INEAC?

Wandugu wanafunzi, na wenzangu tuliomaliza licence,

Kwetu agronomia, jina la Yangambi linatajwa karibu kila siku. Tunajua INEAC iliundwa mwaka 1933. Tunajua mchikichi wa tenera ulichunguzwa pale. Lakini ukiuliza nani alikuwa analima pale mbele ya INEAC, auditwari yote inanyamaza. Basi leo tuongee juu ya vijiji vya Waturumbu, karibu kilometa 100 kutoka Kisangani ukishuka na mto.

Wazee wao walikata pori, wakachoma, wakapanda ndizi, mihogo, mahindi na mpunga. Nyuma ya misimu miwili ao mitatu waliacha pori irudi. Udongo wa pale ni mwepesi, mvua inabeba chakula chake haraka. Ile jashere njo ilikuwa mbolea yao.

Kisha ikaja kazi ya lazima. Tangu 1917 utawala wa Wabelgiji uliweza kulazimisha vijiji kulima mazao fulani siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, juu ya vita, zikafika 120. Watu wengi walihamishwa kando ya barabara ili iwe rahisi kuwahesabu na kukagua mashamba yao.

Nyuma ikaja peizana. Wataalamu wa INEAC walipima pori kwa mikanda ya metre karibu 100 kwa upana, toka mashariki mpaka magharibi ili jua liingie vizuri. Mkanda mmoja unalimwa, wa kando unabaki pori ili mbegu za miti zirudi. Kila familia inapewa kipande chake. Kilasini tunafundishwa sawa ufundi wa wazungu. Ukiangalia vizuri, ni jashere ya wazee wetu iliyopigwa rula. Wataalamu wenyewe walianza kwa kuchunguza ginsi wanakijiji walivyolima.

Wakati wa memware yangu nilikaa na wazee wa kule. Hawakumbuki sawasawa. Mmoja anasifu ile mikanda, anasema chakula kilikuwa kingi na barabara ilipitika. Mwenzake anakumbuka tu kwamba baba yake alionyeshwa pa kulima na mtu asiyejua kaburi la babu yake liko wapi. Mimi naamini wote wawili. Lakini hakuna hata mmoja aliyenitajia namba ya mkanda. Walinitajia majina ya majashere: hii ya familia fulani, ile ya upande wa mama, ile mwisho wake ni kijito.

Mwaka 1964, wakati wa Simba, watu wengi wa Tshopo walikimbilia porini. Peizana zilikuwa zimeshaanza kufa, na miti ikafunika mikanda. Majina yakabaki vichwani.

Sasa, hii si hadisi ya kupitisha jioni. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema udongo ni mali ya Serikali. Juu ya ardhi za vijiji iliahidi amri ya Rais; miaka makumi ikapita bila kuiona. Kwa mgeni mwenye makaratasi, jashere ya miaka 15 ni pori tupu isiyo na mwenyewe. Lakini dekreti ya 2 Agosti 2014 inaruhusu kijiji kuomba msitu wake wa desturi, mpaka ektari 50 000. Ili kuomba, kijiji kinapaswa kuonyesha mipaka yake kwenye karata. Na ile mipaka, nani anaijua? Ni wale wazee wenye majina vichwani, na wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo, ndugu, ukishuka kijijini na GPS kwa ajili ya memware, usipime udongo tu. Omba mzee atembee na wewe. Kila jashere, andika jina lake na familia yake, na nakala moja uiache pale kijijini.