Akina Stevenson, Wajenzi wa Minara ya Taa

Mwaka 1774 mfanyabiashara wa Uskoti, Alan Stevenson, alifariki kwa homa katika kisiwa cha St Kitts, akaacha mjane na mtoto mchanga aitwaye Robert. Baada ya miaka mjane huyo aliolewa na Thomas Smith wa Edinburgh, fundi wa taa, ambaye mwaka 1786 alikuwa amekabidhiwa kazi ya uhandisi na bodi mpya ya minara ya taa ya Uskoti. Robert akalelewa katika karakana ya baba yake wa kambo, akajifunza kazi yake, na mwaka 1799 akamwoa binti yake. Hapo ndipo ukoo na kazi vilipofungamana.

Kazi iliyowapa jina ni mnara wa Bell Rock. Mwamba huo uko baharini, yapata kilomita 18 kutoka mji wa Arbroath, na maji yakijaa hauonekani kabisa. Mafundi walipoanza mwaka 1807 walikuwa na saa chache tu za kuchimba kila maji yalipokupwa, kisha hukimbilia mashua. Tarehe 2 Septemba mwaka huo jahazi lao, Smeaton, lilikatika nanga na kuchukuliwa na mkondo. Watu 32 walibaki mwambani, maji yanapanda, na mashua mbili zilizokuwapo hazikutosha kuwabeba wote. Robert alitaka kusema nao lakini kinywa kilikuwa kimekauka hata sauti haitoki. Akainama kunywa maji ya bahari yaliyotuama mwambani. Alipoinuka alisikia kelele kwamba mashua inakuja. Ilikuwa ya rubani wa Arbroath, aliyekuwa akileta barua tu.

Wapo waliokufa katika ujenzi huo, nao wasisahaulike pale sifa zinapogawanywa. Kwa cheo, mhandisi mkuu alikuwa John Rennie, na ubishi kuhusu nani apewe heshima ulirithiwa na watoto wa pande zote mbili. Mimi naipa heshima hiyo kwa Robert, aliyelala baharini na mafundi wake msimu baada ya msimu. Taa iliwashwa tarehe 1 Februari 1811.

Wanawe watatu walimfuata. Alan, mkubwa, alijenga Skerryvore upande wa magharibi, mnara wa matale wenye urefu wa mita 48. Mwaka 1838 tufani ilizoa nyumba ya mbao waliyoijenga mwambani ili mafundi walale humo, akajenga nyingine. Taa iliwaka mwaka 1844, lakini afya ya Alan iliharibika, akaacha kazi mapema. David na Thomas waliweka taa Muckle Flugga, kaskazini ya mbali kabisa. Thomas ndiye pia aliyebuni lile sanduku jeupe la mbao, lenye matundu ya kupitisha hewa, linalokinga vipimajoto dhidi ya jua. Vituo vya hali ya hewa vya Afrika Mashariki vimelitumia vilevile.

Mwana wa pekee wa Thomas, Robert Louis, alisomea uhandisi na kupelekwa kwenye ujenzi wa bandari, lakini mwaka 1871 alimwambia baba yake kuwa anataka kuandika. Baba aliumia sana, akamtaka angalau asomee sheria. Kitabu chake cha maharamia, kilichotoka mwaka 1883, kiliwafikia wanafunzi wetu wakati wa ukoloni kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, katika tafsiri ya Frederick Johnson. Wengi waliokisoma hawakujua kwamba babu na ami zake mwandishi walikuwa wajenzi wa minara.

Kazi iliendelea kwa wana wa David, kisha kwa mjukuu, D. Alan Stevenson, aliyefariki mwaka 1971. Walinzi wa Bell Rock waliondolewa mwaka 1988 taa ilipoanza kujiendesha yenyewe. Mawe ya Robert hayajabadilishwa mpaka leo.